Daftari Lililofungiwa Kashani



Zama zetu chuoni, kitabu kilikuwa kitu cha kuombwa kwa adabu na kurudishwa kwa hofu. Daftari langu la mirathi nililinakili mwaka 1979 kutoka katika daftari la mwalimu wangu, Mungu amrehemu, kwa taa ya chemni, usiku baada ya usiku, kwani mchana alilihitaji mwenyewe. Nilipopata chuo changu hapa Tanga nikalifungia kashani. Vijana nimewasomesha kwa kuwasomea majibu, wao wakiandika. Hapana aliyeligusa. Nilijiambia kwamba naihifadhi elimu. Kweli yenyewe, nayo ni aibu kuiandika, ni kuwa nilipenda niwe mimi tu niliye nalo.

Mwaka jana nikawa nasoma masuala ya mtu aliyekufa akaacha mke, mama, na dada wawili wa baba na mama mmoja. Binti mmoja wa Kidato cha Pili akanyosha mkono.

"Maalim, samahani. Robo inakuwaje ndogo kuliko sudusi?"

Nikamwambia aandike, maswali baadaye. Akaandika. Lakini usiku ule sikulala mpaka nilipolifungua kasha na kukaa chini na kalamu.

Msomaji, nifuate kidogo. Mke wa mtu asiye na mtoto hupata robo. Mama, kwa kuwapo ndugu wawili, hupata sudusi. Dada wawili hupata thuluthi mbili. Ukizifanya sehemu za 12, mke ana 3, mama ana 2, na madada wana 8, jumla 13. Hisa zimezidi mali, ndipo wanazuoni wakasema asili ipandishwe iwe 13, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri yake. Haya ndiyo yaitwayo aul. Daftari langu lilisema mke 2 na mama 3. Jumla ni ile ile 13, kwa hiyo jicho halikushtuka. Tarakimu ya mbili na ya tatu za Kiarabu zinatofautiana kwa jino moja tu, na mkono ulioandika ulikuwa na usingizi. Mwalimu wangu simsingizii. Mkono ni wangu.

Asubuhi nikamwuliza yule binti amejifunzia wapi, kwani namjua, sehemu zilikuwa zikimliza. Akasema, "Kwenye simu ya kaka, Maalim. Ni bure."

Akanionyesha. Ni masomo ya Khan Academy. Asili yake ni kijana wa Kimarekani, Salman Khan, ambaye mwaka 2004 alikuwa akimfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, wao wakiwa miji mbalimbali. Jamaa wengine wakataka nao, na mwaka 2006 akaanza kuyaweka masomo hayo kwenye YouTube, ayaone atakaye. Mtu anaandika, anaeleza, ukikosa anarudia, na akirudia mara hamsini sauti haibadiliki. Nikakumbuka bakora yangu, nikanyamaza.

Tangu hapo mjukuu wangu amekuwa akinitembeza katika mambo hayo baada ya Isha. Chuo kikuu cha MIT kule Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaziweka wazi karatasi za masomo yake, mihadhara na mitihani, mtu azisome bila ada. Shahada hutapewa, umepewa elimu bila ijaza. Chuo Kikuu cha Colorado kina PhET, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia mwenye tuzo ya Nobel: ni picha zinazochezeka, mtoto akasukuma kitu au akagawa duara akaona sehemu zinavyokaa. Mwalimu anaweza kuzipakua mara moja mjini, akazitumia kijijini kusiko na mtandao. Na hapa kwetu, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao, na Ubongo Kids wanawafundisha wadogo hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili.

Lililonigusa zaidi ni la Lamu. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, msikiti wa Habib Saleh, vilipigwa picha katika mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo katika hatari ya kupotea, ili mtu wa mbali avisome bila kulipa. Baadhi ya vitabu hivyo vina maandishi ya wakfu: fulani amekitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wasome wanaotafuta elimu. Waliovitoa hawakuujua mtandao, walakin naona nia yao imetekelezwa kuliko walivyodhani.

Na kama wakfu ulivyo na sharti la mwenye kuutoa, hivi navyo vina sharti. Masomo ya MIT, kwa mfano, waruhusiwa kuyanakili, kuyafasiri na kuyapunguza yalingane na darasa lako, mradi umtaje mwenyewe, usiuze, na ulichotengeneza nacho ukitoe kwa sharti hilo hilo. Walimu wengi hawalisomi sharti. Wanaona "bure" wakadhani ni mali isiyo na mwenyewe. Hali kadhalika, bure haina maana ya kutogharimu: bando hununuliwa, na binti niliyemtaja huisubiri simu mpaka kaka yake arudi kazini.

Utaniuliza, na makosa yaliyomo humo? Yamo. Kijana mmoja aliniletea hesabu ya mirathi iliyofanywa na programu, ikafuata madhehebu isiyo yetu wala isiseme. Siku hizi ziko na programu za kuzungumza zinazokujibu kwa yakini hata zinapokosea. Kwa hiyo mimi simwambii mwanafunzi asitazame. Namwambia aulize nani kaandika, lini, na kwa dalili gani, kisha aje tufanye hesabu pamoja ubaoni. Lakini siwezi tena kusema kwamba mtandao una makosa na kashani hamna. Lile la mtandao lina macho ya watu wengi juu yake. Langu lilikaa zaidi ya miaka arubaini bila kuonwa na jicho jingine.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika. Mwaka 2009 niliitwa kugawa mirathi ya jirani. Aliacha watu hao hao hasa, na baada ya deni na mazishi zilibaki shilingi 5,200,000. Mjane nikampa 800,000, mama wa marehemu 1,200,000, na madada 1,600,000 kila mmoja. Ilikuwa kinyume: ile 1,200,000 ilikuwa haki ya mjane. Mama yule amekwishafariki, na waliomrithi ni wale binti zake wawili. Nikawaendea kwanza wao, daftari mkononi. Wa kwanza alikubali siku ile ile. Wa pili alitaka muda, nami nikamdhamini.

Kisha nikaenda kwa mjane. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chai. Akasema mwaka ule alimtoa mwanawe wa mume wa kwanza shule kwa kukosa ada. Hakulaumu. Akauliza tu, "Na wengine, Maalim?"

Sikuwa na jibu. Mirathi mingine yenye sura ile sikumbuki kuigawa, lakini niliowasomea jibu lile ni wengi, na baadhi yao leo ni maimamu wanaoitwa kugawa mali za watu. Yule binti amelipiga picha daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, na kosa limeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu. Tumeliweka mtandaoni, alisome atakaye, wala asiombe ruhusa.

Basi msomaji, ikiwa wewe ulisoma mirathi kwangu, au kwa mtu aliyesoma kwangu, fungua daftari lako leo mlango wa aul, masuala ya mke, mama na dada wawili. Mke 3, mama 2, madada 8. Ukikuta vingine, na umekwisha kugawa kwa hivyo, niletee habari nifuatane nawe kwa wenyewe.