Bibi wa Mbagala na Darasa Lake la Jumamosi

Jumamosi saa kumi jioni ukipita uani kwake Mbagala, usishtuke. Bibi wa miaka 67 kafunga kanga kiunoni, simu kaiegemeza kwenye ndoo, anahesabu hatua. Kwenye kioo wapo wenzake watano: Tanga, Mombasa, hadi Muscat.

Ilianza na mjukuu kumfundisha Jerusalema, ule wimbo wa Master KG na Nomcebo uliochezwa dunia nzima 2020. Mjukuu akarudi chuo, nyumba ikawa kimya. Binti yake ndo akamuunganisha na darasa la Zoom.

Mwanzoni alizima kamera. Jirani alishasema, "Mjane mzima, hata haya hana!" Jamani, eda ni miezi minne na siku kumi, yeye ana mwaka wa nne, watu wanahesabu nini? Siku alipoiwasha, wenzake walipiga vigelegele mpaka spika ikakoroma.

Wanacheza nusu saa tu, magoti hayo. Mwalimu akiaga, wao wanabaki: dawa za presha, wakwe, nani kaota nini. Bando linaishia hapo.

Mwezi uliopita wa Tanga hakutokea. Simu haipokelewi. Kabla ya magharibi walishampata balozi wa nyumba kumi. Akakutwa kaanguka bafuni tangu asubuhi. Ana watoto wanne, hakuna aliyejua.

Juzi karudi darasani. Kacheza kakaa kwenye kiti, mikono tu, wanja kapaka.