Sumaku na Saa ya Kobalti

Kuna swali linalopendwa na sisi tunaosoma sayansi bila kuwa na maabara: metali yenye mionzi, tuseme kobalti, ikiwekwa ndani ya sumaku kali sana, je, itaoza haraka zaidi? Ukilisikia mara ya kwanza unatamani jibu liwe ndiyo. Taka zote za nyuklia tungezipitisha kwenye sumaku, basi, kazi imekwisha.

Mimi natamani jibu liwe hapana, na sababu yangu si ya kisayansi. Mama alitibiwa saratani kwa mashine ya kobalti-60. Nilimuuliza mtaalamu wa mionzi anajuaje mgonjwa akae dakika ngapi. "Kobalti inazeeka, dada," akasema. "Kila mwezi inapungua kama asilimia moja, na sisi tunaongeza muda kidogo." Kila baada ya miaka 5.27, nusu yake huwa imeshageuka nikeli. Dozi ya mama ilipigiwa hesabu juu ya namba hiyo. Sasa fikiria namba hiyo ingekuwa inayumba kila kobalti inapokaribia sumaku!

Kobalti hiyohiyo imewahi kuwekwa kwenye sumaku, tena kwa jaribio maarufu. Mwishoni mwa 1956, huko Washington, Chien-Shiung Wu na wenzake waliipoza kobalti-60 hadi karibu na sifuri halisi, wakatumia uga wa sumaku kuvipanga viini vyake vielekee upande mmoja. Elektroni zikatoka kwa wingi upande mmoja kuliko mwingine, na fizikia ikatikisika: maumbile yanabagua kushoto na kulia. Lakini sumaku ilipanga mwelekeo tu. Saa ya kobalti haikuguswa.

Sababu ni nguvu. Huko Tallahassee, Florida, kuna sumaku ya tesla 45, mara nyingi zaidi ya zile za MRI. Hata hiyo, nishati inayompa elektroni mmoja haifiki sehemu moja ya mia ya elektronivolti. Kobalti-60 ikioza hutoa zaidi ya elektronivolti milioni mbili. Ni kama kupuliza mlima kwa mdomo.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema saa hii haisogezeki kabisa. Beriliamu-7 huoza kwa kumeza elektroni wake yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha vitu vinavyoizunguka, kasi yake hubadilika kidogo, kwa kama asilimia moja hivi au chini yake. Reniamu-187 inashangaza zaidi: nusu-maisha yake ni miaka zaidi ya bilioni 40, lakini miaka ya 1990, huko Darmstadt, Ujerumani, watafiti walizivua atomu zake elektroni zote, ikashuka hadi kama miaka 33. Kilichoisogeza saa ni kukosekana kwa elektroni.

Nikilinganisha na mengi ninayoandika kazini, naipenda habari hii kwa sababu haitaki imani. Kanuni ilijaribiwa, ikapatikana inapolegea na inaposhika. Kobalti ya hospitalini iko pale inaposhika. Mama alilala chini ya mashine ile wiki nyingi, na dakika zake zilikuwa sahihi.