Daftari la Sindano

Kusahau ni tabia ya kila binadamu, na aghalabu husamehewa. Asahauye kalamu huazima. Asahauye jina la mgeni huuliza tena. Lakini, msomaji wangu, kuna kusahau kusikosamehe. Nataka kukusimulia kusahau kwa namna hiyo, maana nusura kuniondoe duniani.

Mimi ni mwalimu katika Eldoret, mji wa baridi ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ulimwengu huujua kwa wakimbiaji wake. Mimi sikuwa mkimbiaji. Maradhi ndiyo yaliyonikimbilia. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilishikwa na kiu isiyozimwa na maji, nikawa nakonda huku nakula. Daktari alinipima damu, akaniambia kuwa nina kisukari cha aina ya kwanza: kongosho langu limeacha kutengeneza insulini. Pasipo insulini sukari hujaa katika damu bila kuingia mwilini kuwa nguvu, na mtu hufa njaa penye shibe.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini katika mji wa Toronto, Kanada. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa taabani, alidungwa dawa hiyo, akaishi miaka 13 zaidi. Nami huishi kwa dawa hiyo: sindano kabla ya chakula, na nyingine wakati wa kulala.

Mwaka wa kwanza sikusahau hata mara moja, kwa kuwa hofu ilikuwa mkumbushaji wangu. Hatari ilikuja pamoja na mazoea. Jambo litendwalo kila siku haliachi alama katika fikira. Sindano ya leo hufanana na ya jana kama tone la mvua na tone jingine. Jioni moja nilikuwa nikisahihisha mitihani. Chakula kilipoandaliwa nilijiuliza: nimejidunga, au bado? Nilikumbuka vyema ncha ya sindano ikiingia, lakini sikujua kama ilikuwa ya leo au ya jana. Nikaona heri nijidunge. Kumbe nilikuwa nimekwisha kujidunga.

Haukupita muda mrefu jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, herufi zikacheza mbele ya macho yangu. Mke wangu alinikuta nikisema maneno yasiyo na maana. Upesi alikoroga sukari katika maji, akaninywesha. Fahamu ziliponirudia aliniambia, "Mwalimu, kila asubuhi unaita majina ya watoto arobaini. Wewe mwenyewe nani anakuita?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilinunua daftari, nikalipiga mistari kama lile la mahudhurio, nikaliweka kando ya chungu cha udongo chenye ubaridi nihifadhimo insulini. Kanuni zake ni mbili. Alama hutiwa sindano ikiisha kutoka mwilini, wala si kabla. Pili, nikiwa na shaka, sijidungi tena kwa kubahatisha. Hupima sukari ya damu kwanza. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Uhai nao ni mali.

Zamani niliwaficha wanafunzi wangu maradhi haya kwa aibu. Sasa wanayajua, na wanajua mahali niwekapo sukari yangu. Saa ya chakula kiranja huniuliza, "Mwalimu, umetia alama?" Nami nikiwa nimetia humjibu kama wao wanavyonijibu asubuhi: "Nipo."

Basi, msomaji, ukiwa na wajibu ambao uhai unautegemea, wako au wa mwenzako, usiutegemeze juu ya kumbukumbu peke yake. Uandike, kisha mwambie mtu mmoja akuulize.