Harufu ya Petroli katika Motakaa ya Zamani

Petroli ikivuja haikai ikamngoja mtu aje aione. Maji yakidondoka huacha dimbwi. Petroli hupanda hewani upesi, na pengine haibakizi ila doa la kahawia, au harufu peke yake. Kwa hiyo atafutaye kwa macho tu huweza kupotea njia.

Jirani yangu, mzee mmoja mwalimu mstaafu, ana Volkswagen ya mwaka 1965, ya namna ile Wajerumani waliyoiita Käfer, yaani mdudu mwenye gamba. Kila asubuhi huwapeleka wajukuu wake shuleni katika gari hiyo. Alikuwa amekwisha badili mipira yote ya petroli, walakini harufu haikuondoka. Fundi mmoja akamshauri anunue kabureta mpya.

“Shikamoo, Mzee. Je, umekwisha ipima oili?” nalimwuliza.

“Marahaba, Mwalimu. Oili ya nini, nami natafuta petroli?”

Swali lake lilikuwa la haki, basi tukaanza na petroli. Tangi la gari hizi lipo mbele, na bomba hupita katikati ya sakafu hata kwenye injini nyuma. Nalitwaa chaki, mali ya kazi yetu, nikakipaka kila kiungo, maana juu ya chaki hata unyevu mdogo huonekana. Milango ya banda ilikuwa wazi, wala hatukukaribia na moto. Sikuona kuwa huo ni woga: mwili wa injini hiyo umesubiwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu, madini ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali, na kuyamwagia maji ni kuuzidisha.

Injini ikanguruma dakika chache. Chaki ikabaki kavu pote.

Ndipo Mzee mwenyewe akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akanitazama bila neno. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi kama chai. Injini hiyo huchukua lita 2.5 tu, na oili haiongezeki yenyewe. Tena oili iliyotiwa petroli hailindi vyuma. Husagana hata injini ikafa.

Petroli huweza kuingia humo kwa sindano ya kabureta isiyofunga, au kwa kiwambo cha pampu kilichopasuka. Tukazima injini, tukachungulia kinywa cha kabureta: hapakudondoka kitu. Basi tukatoa waya wa betri, ambayo hukaa chini ya kiti cha nyuma, tukafungua pampu. Kiwambo kilikuwa na ufa mfupi kuliko ukucha. Huenda ni uzee tu. Lakini katika nchi nyingi petroli ya siku hizi huchanganywa na spiriti, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kabureta haikununuliwa. Mzee alinunua kiwambo na oili mpya, na sasa kila Jumamosi hukinusa kijiti kabla ya kukifuta.