Hodhi la Waridi
Katika miaka ya 1950 Wamarekani wengi walilipenda hodhi la kuogea la rangi ya waridi. Leo warithi wa nyumba zao huliona kero. Aghalabu chuma chake kingali kizima. Aibu yake ni rangi tu. Kuling'oa ni kazi nzito, basi huitwa fundi alipake upya. Lakini methileni kloraidi, dawa ya kubambulia rangi kuukuu, mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutuama hodhini, mlemle fundi anamoinamisha uso. Toka 2000 hata 2011 yalihesabiwa mauti 13 ya mafundi hao. Kumi na watatu, kwa ajili ya rangi! Serikali ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024. Lau hodhi hilo lingekuwa langu, ningeoga katika uwaridi wake, wageni wakacheka.