Kuomba Udhuru Kabla ya Wakati

Wengi wetu tufundishao Kiswahili hapa Bujumbura hulitumia neno "kustaafu" bila kulichungulia ndani. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuomba kuachiliwa, kutaka udhuru katika kazi. Mzizi wake ndio huo huo uliotuzalia "afya". Warundi wao husema "akaruhuko k'izabukuru", kapumziko ka siku za uzeeni, na mwenye kuijua lugha hiyo atakiona kile kiambishi cha udogo hapo mwanzoni, kana kwamba lugha yenyewe yamwonya mtu kwamba pumziko lenyewe si refu. Twaanza na maneno kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Jambo lililotukaa moyoni, hata hivyo, si la kamusi. Ni la fedha: mtu akiomba udhuru kabla ya umri uliowekwa, tena akataka kwenda kuishi nchi ya jirani, atakula nini mpaka pensheni ianze?

Mwaka 2022 tulikuwa na umri wa miaka 53. Tulikuwa tumefundisha miaka 24 katika shule za watu binafsi za mji huu, na michango yetu ilikwenda katika Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ile ijulikanayo kwa herufi INSS, iliyoundwa 1962, mwaka wa uhuru. Pensheni ya uzee hutolewa kwa aliyetimiza miaka 60 na kuchangia miaka isiyopungua 15. Michango tulikuwa nayo. Umri hatukuwa nao. Wakati huo huo mama mkwe, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa ameanza kupoteza nuru ya macho, na mama watoto ndiye binti pekee aliyembakia. Watu wa Buyenzi na watu wa Ujiji ni ndugu wa tangu zamani. Ni nadra kutokea arusi au tanzia isiyovusha watu mpaka. Basi tukakusudia kuhamia huko sote wawili, tusiingoje ile miaka saba.

Tulichukua daftari la mazoezi, tukapiga hesabu kama tufanyavyo wakati wa kusahihisha mitihani. Upande mmoja tuliandika akiba yetu ya benki, na kodi ya vyumba viwili tulivyopangisha uani Buyenzi. Upande wa pili tukaandika unga, dawa, mafuta ya taa na nauli. Tuligeuza kila kitu kuwa shilingi za Tanzania kwa bei ya serikali, tukagawa, na jibu likatoka safi: miaka saba, na salio dogo. Tulifurahi kupita kiasi. Mwanafunzi angelituletea hesabu ya namna hiyo tungelimwuliza kwanza ni duka gani lililokubali kumwuzia shilingi kwa bei ya serikali.

Kisha tukaanza kuuliza habari za sheria, na hapo tulikuta mambo ambayo twadhani yatawafaa walimu wenzetu. Burundi, Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu mwaka 1976, na mwaka 1978 zikatiliana sahihi mkataba wa hifadhi ya jamii, ili miaka aliyochangia mfanyakazi katika nchi moja iunganishwe na ile aliyochangia katika nyingine. Mkataba huo umepita katika vita na mifarakano mingi, na aliyewahi kufuatilia haki yake kutoka ng'ambo ya Rusizi anajua kuwa karatasi hutembea polepole kuliko mtu. Hata hivyo mkataba upo. Lakini Tanzania haimo katika jumuiya hiyo. Aliyefundisha Uvira, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ana mlango wa kubisha. Angaliifundisha miaka hiyo hiyo Kigoma, mkataba huo usingalimfaa kitu.

Twajua msomaji atatukumbusha Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo Burundi iliingia tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Tuliisoma kwa makini. Itifaki hiyo inamtazama mfanyakazi na mtu ajitafutiaye riziki kwa shughuli yake. Hao ndio inaowapa haki ya kukaa, pamoja na wategemezi wao. Mzee aliyechoka, atakaye kukaa barazani akamsomee gazeti mama mkwe asiyeona, hatumkuti humo. Aweza kuingia kama mgeni, akakaa miezi kadhaa, kisha arudi. Ili tupumzike kwa kudumu Ujiji ingetubidi kwanza tupate kazi Ujiji! Na kiwanja nacho hatungeweza kukinunua, kwani Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimgawii ardhi asiye raia ila kwa ajili ya uwekezaji.

Yote hayo twaweza kusema yalikuwa mawingu tu. Mvua yenyewe ilinyesha Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, dola moja ikatoka kwenye faranga 2,000 na kitu ikafika 2,800 na kitu. Tulilifungua tena daftari lile. Akiba haikupungua hata faranga moja, lakini ile miaka saba ilikuwa imekuwa mitano na kidogo, na hiyo ni kwa bei ya serikali. Kwa bei ya mitaani tuliona haya hata kumaliza kugawa. Kodi ya Buyenzi nayo ilikuwa faranga vile vile.

Usiku huo mama watoto alituletea chai, akaketi. Yeye hakuwa na daftari. Kwa miaka mingi alikuwa akicheza upatu na wanawake wa mtaa wetu, na kila zamu yake ilipofika hakuiweka fedha hata wiki moja: aliigeuza mabati, misumari na saruji, kwa mkono wa kaka yake aliyeko Ujiji, juu ya kiwanja cha mama yao ambaye ni raia wa huko. Tulimcheka sana tulipokuwa wasomi wa hesabu. Vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kuezekwa na kimoja kilikwisha pata mpangaji, alipaye kwa shilingi.

"Mwalimu," alisema, "faranga haiezeki nyumba."

Hatukuwa na jibu. Tuliongeza sukari katika chai ambayo ilikuwa tamu tayari.

Mwisho wake tuligawana. Mwaka 2024 yeye alitangulia kwa mama yake, anakula kodi ya vile vyumba, na sisi tumebaki darasani. Mshahara wetu unaendelea kukatwa mchango, na kila upatu unapotufikia, kwani sasa tumerithi nafasi yake kati ya wale wanawake, wanaotuita "shangazi" kwa mzaha, twapeleka saruji badala ya kuweka benki. Chumba cha tatu kimefika kwenye madirisha. Wako wanaotuambia kwamba huku si kustaafu, ni nyumba iliyokatwa vipande viwili na mpaka. Nasi usiku, tukijipikia ndagala peke yetu, twaona wanasema kweli.

Likizo ikianza twapanda gari la Rumonge na Nyanza-Lac, twavuka Mugina kwenda Manyovu, na jioni tuko Ujiji. Mama mkwe hututambua kwa kikohozi. Kila mara hutuuliza swali lile lile, kama udhuru wetu umekwisha kukubaliwa, nasi humjibu kwamba bado, imebaki miaka kadhaa, halafu tunamfungulia gazeti.