Sindano ambayo Baba aliiogopa

Kama umekulia Mongbwalu sawa na mimi, unajua namna watoto wanavyochunguza mufereji: wanatupa jani ndani ya maji, kisha wanakimbia kando yake. Pale jani linapokawia, pana kizuizi. Maji yenyewe hayakuguswa.

Baba yangu, mchimbaji wa zamani wa dhahabu, alisumbuliwa na tansio, miguu ikavimba. Hapa Bunia ekografi ilionyesha figo moja imekuwa ndogo. Munganga alitaka kujua kama damu inazifikia zote mbili, akatutuma Kampala kwa kipimo cha mionzi.

Baba alikataa. "Batanitilia urani mu damu? Mi nakatala!" Alikuwa amesikia habari za Shinkolobwe, kule Katanga, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la 1945. Nakiri mbele yako: nami niliogopa, nikamuunga mkono. Tulipoteza miezi miwili.

Mwishowe miguu ilipozidi, tulivuka ziwa kutoka Kasenyi mpaka Ntoroko. Kule Kampala muuguzi mmoja aliyejua Kiswahili hakutucheka. Alituambia kwamba kazi hii ni ya zamani: katika miaka ya 1920, daktari Hermann Blumgart wa Boston, Marekani, alitia kitu chenye mionzi katika mkono mmoja wa mtu, akahesabu sekunde mpaka kifike mkono wa pili. Kwa watu wazima wenye afya ilikuwa karibu sekunde 18.

"Na hii si urani, mzee," akasema. Ni teknetiamu, kidogo sana, iliyofungwa kwenye dawa ambayo figo huichuja. Kila saa 6 nguvu yake inapungua nusu. Baada ya siku moja inabaki sehemu 1 kati ya 16. Tena nyingine inatoka na mkojo.

Baba alilala, kamera nyuma ya mgongo wake. Ikachomwa sindano. Kwenye kioo figo ya kuume iliwaka upesi. Ya kushoto ilikuja pole pole, hafifu. Baba akatazama, akasema: "Kumbe ni jani mu mufereji."

Sindano haikumponya. Ilionyesha njia tu, na waganga wakajua dawa gani wampe na zipi zingemdhuru. Leo anailinda ile figo nzima. Kama miezi yetu miwili iliiumiza ile ingine, hakuna wa kuniambia.

Basi ndugu, na wewe kijana unayewasindikiza wazazi: woga si kosa, lakini uupeleke kwa munganga, usiufiche nyumbani. Uliza: ni kitu gani, kiasi gani, kitatoka lini? Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema, mbele ya sindano. Na baada ya kipimo, kunywa maji mengi kama utakavyoagizwa, jani lipate kutoka.